Matairi ya Baba na Ada ya Watoto



Mama mmoja wa mtaa wa Karavia, hapa Lubumbashi, ametuletea barua ambayo twaona yafaa ijibiwe mbele ya familia zote, kwa maana shauri lake ni shauri la nyumba nyingi. Mumewe amenunua gari aina ya Toyota Altezza, lile la mbio lililotengenezwa Ujapani toka mwaka 1998 hadi 2005, ambalo vijana wetu hulipenda mno. Limefika kwa njia ya siku zote: kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa barabara kupitia Tunduma na nchi ya Zambia hadi mpakani Kasumbalesa. Sasa baba huyo ataka kuyatoa matairi ya inchi 16 yaliyokuja na gari, aweke rimu za inchi 18 pamoja na matairi mapana yaliyokwisha kutumika, ambayo mfanya biashara mmoja amemwonyesha. Mama apinga. Asema matairi yaliyopo yangali na meno marefu, na fedha hiyo ni ada ya watoto watatu watakaorudi shuleni mwezi wa Septemba. "Baba watoto asema kwamba nalionea wivu gari lake," aandika mama huyo. "Nawaomba mtuambie ni nani kati yetu aliye na haki."

Kabla ya kujibu tulimwomba anakili maneno na namba zote zilizoandikwa ubavuni mwa matairi ya zamani na ya yale anayoyataka mumewe. Amefanya hivyo kwa uangalifu, nasi twamshukuru. Jibu letu ni hili: baba ana haki kusema kwamba matairi yabadilishwe, tena upesi, na mama ana haki kusema kwamba rimu za inchi 18 zisinunuliwe. Kila mmoja ameona nusu ya jambo. Basi, natueleze sababu, ili na wengine wenye magari ya namna hiyo wapate faida.

Kwanza tuseme wazi kwamba kupenda gari zuri si dhambi. Mtu aliyefanya kazi kwa jasho lake, akanunua gari lenye injini ya nguvu, hana sababu ya kuona haya. Walakini gari la mbio ladai akili zaidi kuliko gari jingine lolote, na akili hiyo yaonekana kwanza mahali ambapo gari lagusa ardhi. Kila tairi lagusa barabara kwa eneo lisilopita sana ukubwa wa kiganja cha mkono. Injini, breki na usukani, vyote vyafanya kazi kwa viganja vinne hivyo tu. Vikikosea, mengine yote hayafai kitu.

NAMBA ZA UBAVUNI

Ubavuni mwa matairi ya gari hili mna maandishi haya: 205/55 R16 91Q. Wengi huyatazama kama maandishi ya kichawi, kumbe ni maneno mepesi. Namba 205 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 55 yaonyesha kimo cha ubavu, yaani sehemu 55 katika 100 za upana ule. Hesabu yake ni karibu milimita 113. Herufi R yasema kwamba nyuzi za ndani zimepita kukingama, toka ukingo mmoja hadi wa pili, jinsi yafanywavyo karibu matairi yote ya magari madogo siku hizi. Namba 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 ni ya mzigo: tairi hilo laweza kubeba kilo 615. Herufi ya mwisho ni ya mwendo. H ni kilometa 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270. Lakini Q ni 160 tu.

Hapo ndipo tulipoanza kushtuka. Kwa nini gari la mbio livae matairi yenye herufi Q, hali tairi la kawaida la kipimo hicho huandikwa V? Mama ametupa jibu bila kujua, kwa kuwa amenakili pia neno STUDLESS. Neno hilo maana yake ni tairi la theluji. Katika mikoa ya Ujapani yenye baridi watu huvalisha magari yao matairi ya namna hiyo wakati wa theluji. Mpira wake ni laini sana, ili usigeuke mgumu kama ubao katika baridi kali, na meno yake yamekatwakatwa vipande vidogo vidogo ili yaishike barafu. Gari likiuzwa katika majira hayo, husafirishwa na matairi yale yale. Nani katika Katanga yetu amepata kuona theluji barabarani? Juu ya lami yenye joto mpira ule laini huchakaa mapema, vipande vyake huyumba, na kwenye lami yenye maji tairi hilo huchelewa kusimama kuliko tairi la kawaida.

UMRI WA TAIRI

Kuna jambo la pili lililo baya zaidi. Kando ya herufi DOT mna namba nne: 3413. Toka mwaka 2000 viwanda huandika hivyo tarehe ya kutengenezwa: namba mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Basi matairi haya yalitengenezwa katika juma la 34 la mwaka 2013. Yamepita umri wa miaka kumi.

Mama aliyapima kwa meno yake, na katika hilo amefanya kama wafanyavyo wengi. Lakini mpira huzeeka hata ukiwa umelala ghalani. Hewa na joto na jua huukausha. Ulaini wake hutoka. Nyufa nyembamba huonekana ubavuni, na ndani tabaka zake huanza kuachana bila mtu kuona. Viwanda vingi hushauri kwamba tairi likitimiza miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka kumi litolewe, hata kama meno yake yangali marefu. Tairi zee halitoi taarifa. Hupasuka siku gari lilipojaa watu, barabara ikiwa ya moto, na mwendo ukiwa mkubwa. Yaani siku ya safari ya Likasi au Kolwezi, wala si siku ya kwenda sokoni.

Kwa hiyo, mama mpendwa, katika jambo hili mumeo asema kweli. Matairi hayo yasibebe tena watoto wako.

RIMU ZA INCHI 18

Sasa tumgeukie baba. Matairi aliyoonyeshwa yameandikwa 225/40 R18 88W. Natufanye hesabu pamoja, kwa maana hesabu haina upendeleo. Inchi moja ni milimita 25.4. Kipenyo cha gurudumu zima ni kipenyo cha rimu pamoja na mbavu mbili, wa juu na wa chini. Tairi la 205/55 R16 lina kipenyo cha milimita 632 hivi. Lile la 225/40 R18 lina 637. Tofauti haifiki hata sehemu moja katika mia. Basi mfanya biashara hakudanganya aliposema kwamba gurudumu litaingia na kwamba mshale wa mwendo hautapotoka. Hiyo ndiyo kanuni ya kubadili kipimo: rimu ikiongezeka, ubavu hupungua, ili kipenyo kibaki kile kile. Atakayevunja kanuni hiyo, mathalani akiweka 205/60 R16 kwa kuwa imepatikana kwa bei nafuu, atapata kipenyo cha milimita 652. Na mshale ukimwambia kwamba aenda kilometa 100, kwa kweli atakuwa amekaribia 103, na huenda tairi likakwaruza madigadi gari likijaa watu.

Lakini kipenyo si kila kitu. Tazameni ubavu. Tairi la kwanza lina milimita 113 za mpira na hewa kati ya rimu na barabara. La pili lina 90 tu. Sentimita mbili na zaidi zimepotea, na hizo ndizo zinazopokea pigo la shimo. Barabara zetu twazijua. Mvua zikianza mwezi wa Novemba, mashimo hujaa maji, wala dereva hajui kama lililo mbele yake ni kidimbwi au ni kisima. Kingo za lami zimemeguka, na malori ya shaba na kobalti yapita mchana na usiku. Tairi lenye ubavu mfupi likiingia shimoni, rimu hupiga jiwe. Rimu hupinda au kupasuka, na nyuzi za ubavuni hukatika, pakatokea uvimbe kama jipu. Tairi lenye uvimbe huo halina dawa, ni la kutupwa.

Tena yupo adui mwingine, nayo ni mvua yenyewe. Tairi pana likichukua uzito ule ule, hukanyaga kila sehemu ya barabara kwa nguvu kidogo zaidi. Kwa hiyo huelea upesi juu ya maji, nao usukani huwa kama umeshikwa na mtu aliyelala. Watu hudhani kwamba tairi pana hushika vyema siku zote. Hushika vyema juu ya lami kavu iliyo laini, mahali pa mashindano. Juu ya maji ni kinyume, hasa meno yakiwa yamekwisha. Sheria za Ulaya zakataza meno yaliyo chini ya milimita 1.6, nasi twashauri kwamba mwenye gari la mbio asingoje zaidi ya milimita 3 kabla ya majira ya mvua.

Tazameni pia namba ya mzigo. Tairi la zamani lilikuwa na 91, yaani kilo 615. Hili la inchi 18 lina 88, yaani kilo 560. Upana umeongezeka, lakini nguvu ya kubeba imepungua kwa kilo 55 katika kila gurudumu! Lipo tairi la kipimo hicho hicho lililoimarishwa, lenye namba 92 na herufi XL, libebalo kilo 630. Lakini silo aliloonyeshwa baba. Mwendo wa W ni wa kilometa 270. Je, kati ya Karavia na mjini ni wapi pa kwendea mwendo huo? Amepewa mwendo asiouhitaji, akanyang'anywa nguvu ya kubeba watoto wake.

Mwisho, matairi hayo yamekwisha kutumika. Hakuna ajuaye yalipita wapi, wala kama yalipata kwenda bila upepo wa kutosha, hata mbavu zake zikaungua kwa ndani. Kununua tairi la namna hiyo ni kama kununua dawa katika chupa isiyo na karatasi.

LIPI LINUNULIWE?

Shauri letu ni jepesi. Fungueni mlango wa dereva, mtaona karatasi iliyobandikwa kiwandani, yenye kipimo cha tairi na kipimo cha upepo. Waliolitengeneza gari walikwisha kulipima kwa breki, kwa kona na kwa mzigo. Matairi manne mapya ya kipimo hicho kilichoandikwa pale, yenye namba ya mzigo na herufi ya mwendo isiyopungua ile ya kiwanda, yenye mifereji mipana ya kutoa maji, ndiyo yatufaayo. Yasiwe ya theluji, wala yasiwe yale ya mashindano yenye mpira laini unaokwisha kabla ya mwaka. Someni namba za tarehe dukani kabla ya kulipa. "Jipya" lililokaa ghalani miaka sita si jipya.

Anayetaka kubadili kipimo kwa ajili ya barabara mbaya, afadhali aende chini kuliko juu. Tairi la 195/65 R15 lina kipenyo cha milimita 634 hivi, karibu sawa na la 205/55 R16, lakini ubavu wake ni milimita 127. Shimo lile lile linalovunja rimu ya inchi 18 litatikisa gari tu. Ila fundi ahakikishe kwanza kwamba rimu ya inchi 15 haigusi breki, kwa kuwa magari ya mbio mara nyingi yana breki kubwa.

Wenye magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, kama Subaru Impreza, waangalie zaidi. Matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja, aina moja na uchakavu mmoja. Likiwa moja jipya na matatu mazee, magurudumu huzunguka kwa hesabu tofauti, na chombo kinachogawa nguvu katikati ya gari huungua kwa kazi isiyokoma. Tairi moja lililonunuliwa kwa kubana fedha laweza kuleta gharama ya gia nzima. Kwa magari mengine, mtu asiyeweza kununua manne anunue mawili, ayaweke nyuma, hata kama gari lavuta kwa mbele. Nyuma ikiteleza, gari huzunguka, na madereva wengi hawawezi kulirudisha. Lakini kwa gari la barua hii twasema manne, kwa maana yote manne ni mazee, tena ni ya theluji.

Yakiisha kufungwa, yatunzwe. Upepo upimwe kila mwezi, asubuhi, tairi likiwa baridi. Yule fundi wa kando ya njia, ambaye huku kwetu twamwita kwado, ni mtu wa msaada mkubwa. Ila mwambieni kipimo kilichoandikwa mlangoni, asijaze kwa kukadiria. Tairi lenye upepo haba hujikunja katika kila mzunguko, hupata joto, na joto ndilo linaloliua.

FEDHA ZITOKE WAPI?

Hapa twafika kwenye moyo wa barua. Kwa kawaida matairi manne mapya ya kipimo cha kiwanda hayafikii bei ya rimu nne za inchi 18 pamoja na matairi yake. Baba akiacha zile rimu, huenda fedha ikatosha matairi mema na ada pia. Lakini ikiwa haitoshi vyote viwili, twasema bila kusitasita: ada ilipwe, na gari lilale uani mpaka fedha ipatikane. Gari laweza kungoja hata Krismasi. Mtoto akipoteza mwaka wa shule, nani atamrudishia? Wala isisemwe kwamba kwa sasa tutaendesha polepole na matairi ya zamani. Mwenda pole hajikwai, ni kweli. Lakini tairi zee haliahidi kitu hata kwa mwenda pole, na mpita njia kwa miguu hakuulizwa kama yu tayari kushiriki hatari hiyo.

Wanatheolojia wa kale waliiita busara mwendesha gari wa fadhila nyingine, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 imelikumbusha neno hilo. Ni mfano ulio wazi. Ushujaa bila busara huwa kasi tupu. Hata upendo wa baba kwa watoto wake wahitaji mtu wa kushika usukani. Mwaka 2007 Roma ilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi kwa madereva. Ya kwanza ni ile ile ya Sinai, yakataza kuua. Ya tano yaonya kwamba gari lisiwe chombo cha kuonyesha ukuu na kuwatawala wengine, wala nafasi ya kutenda dhambi. Baba mwenye rimu zing'aazo na ajiulize kwa unyofu: je, nazitaka ziwabebe wangu, au nazitaka zinibebe mimi machoni pa jirani?

Sisi watu wa Kongo tunayo sababu nyingine ya kutolidharau tairi. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi lake la upepo mwaka 1888 mjini Belfast, dunia ilianza kuutafuta mpira kwa pupa, na utawala wa Leopold wa Pili uliutoa katika misitu yetu kwa mijeledi, mateka na mauaji, mpaka Ubelgiji ilipoitwaa nchi mikononi mwake mwaka 1908. Wako wamisionari waliopaza sauti. Padre Arthur Vermeersch, Mjesuiti, alitoa kitabu chake juu ya jambo la Kongo mwaka 1906. Mababu waliupa mpira roho zao bila kupenda. Ingekuwa aibu kubwa sisi, wajukuu wao, tuupe roho za watoto wetu kwa hiari, kwa sababu tu rimu kubwa zapendeza.

Basi, baba na mama, ketini pamoja jioni moja, karatasi na kalamu mezani. Mama amwambie mumewe kwamba alikosea juu ya umri wa matairi. Baba amwambie mkewe kwamba alikosea juu ya rimu. Haitawashushia heshima. Andikeni bei ya matairi manne na ada ya watoto watatu, mwone ni kipi kinachowezekana mwezi huu. Nanyi wasomaji wengine wenye magari, msingoje barua ya jirani. Leo hii, kabla jua halijatua, chukueni kitambaa, pangusani vumbi jekundu ubavuni mwa kila tairi, zisomeni zile namba nne. Tukumbuke kwamba Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, huwaombea wanaosafiri. Hakuahidi kuwasomea tarehe.